Ujuaji kwenye Biblia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujivunia akili zako mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Haya ni maswali yanayorudi kila tukifika kitabu cha Mithali kwenye kujifunza Biblia, wengine wanauliza mbele za watu, wengine wanakufuata pembeni kipindi kikishaisha. Nimeanza na ya msingi, yale yanayoumiza kichwa yako chini. Mistari nimetumia Union Version ile wengi tumekua nayo, fungua na wewe usome, tena soma na mstari wa juu na wa chini yake.

## Ya msingi

1. Biblia inaonya wapi hasa kuhusu mtu kujivunia akili zake?

Sehemu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Unaoujua tayari ni Mithali 3:5, "wala usizitegemee akili zako mwenyewe", upo kwenye kadi, upo kwenye vioo vya daladala, lakini watu wanaishia hapo hapo na ule wa 7 hausomwi: "Usiwe mwenye hekima machoni pako". Hayo maneno ya mtu kuwa na hekima machoni pake yanarudi Mithali 26 mara tatu (mstari wa 5, wa 12 na wa 16) halafu tena 28:11.

Isaya 5:21 yenyewe ni "ole" kabisa, na angalia majirani zake. Mstari wa 20 ni ole kwa wanaoita uovu wema, wa 22 ni ole kwa mabingwa wa kunywa, na katikati yao kawekwa mtu anayejiona ana busara. Mlevi huwa tunamwombea kanisani. Mjuaji sijawahi kuona anaitwa mbele aombewe.

Ongeza Yeremia 9:23 (mwenye hekima asijisifu kwa hekima yake), Warumi 12:16 ("Msiwe watu wa kujivunia akili"), 1 Wakorintho 3:18 na 8:2, na Yakobo 3 kuanzia mstari wa 13. Hiyo inakutosha kwa wiki nzima ya kusoma.

2. Sasa hekima na ujuaji vinatofautiana wapi, maana wote wanaonekana wanajua?

Kwa kiasi cha vitu unavyojua havitofautiani, na hapo ndo watu wengi wanapotea. Mjuaji anaweza kuwa anajua kweli. Yakobo 3:17 anapoeleza hekima itokayo juu anasema ni safi, ya amani, ya upole, halafu anaweka hili: "tayari kusikiliza maneno ya watu". Kwangu mimi hicho ndo kipimo cha somo lote hili, je huyu mtu bado anaambilika? Akiambiwa kitu na mke wake, na mtoto wake, na mfanyakazi wa chini yake, kinaingia au kinagonga ukuta?

Sulemani akiwa kijana ameulizwa na Mungu anataka nini, akajibu yeye ni mtoto mdogo hajui kutoka wala kuingia (1 Wafalme 3:7). Yaani hekima yake ilianzia kwenye kukiri hajui. Ilivyoisha ni stori nyingine, ona swali la 6.

3. Mithali 26:12 inasema mpumbavu ana tumaini kuliko mjuaji. Sio kali sana hiyo?

Ni kali, na ukisoma sura kuanzia juu inazidi kuwa kali. Mistari kumi na moja ya kwanza ya sura ya 26 karibu yote inampiga mpumbavu tu. Heshima haimfai, kama theluji wakati wa hari. Fimbo ni kwa mgongo wake. Kumtuma ujumbe ni kujikata miguu. Mstari wa 11 ndo ule wa mbwa kuyarudia matapishi yake, mpumbavu anarudia upumbavu wake hivyo hivyo. Unafika hapo unaona basi, hakuna mtu wa hali mbaya kuliko huyu, ndipo mstari wa 12 unakuambia yupo, yule anayejiona ana hekima, na huyu mpumbavu tuliyemsema mistari yote hiyo ana tumaini zaidi yake.

Sababu yake inaeleweka ukiwaza kidogo. Mpumbavu akipata hasara siku moja anaweza kukaa chini akasema jamani nisaidieni. Mjuaji akipata hasara ana maelezo, ni wale wengine walikosea, ni muda haukuwa sahihi, ni watu hawakumuelewa, kwa hiyo hata maumivu hayamfundishi kitu. Mlango wa kupona kaufunga kwa ndani.

4. "Akili nyingi huondoa maarifa" ni mstari wa Biblia?

Hapana, ni methali yetu ya Kiswahili, wala usiitafute mtu akakuambia ipo kwenye Mhubiri. Kitu kinachokaribia ni Matendo 26:24 pale Festo anamkatisha Paulo kwa sauti kubwa kwamba kusoma kwako kwingi kumekugeuza akili, ila huyo ni liwali wa Kirumi anaongea na alikuwa amekosea, Paulo akamjibu kwa heshima kabisa kwamba hana wazimu. Kwa hiyo usimtumie Festo kumkatisha tamaa mtoto anayependa kusoma. Zaidi kuhusu elimu ni swali la 8.

## Watu waliopitia

5. Nani kwenye Biblia alianguka kwa sababu hii?

Wengi watakutajia Nebukadreza (Danieli 4) au mkuu wa Tiro (Ezekieli 28), na ni sahihi. Mimi nitakupeleka kwa Ahithofeli maana hahubiriwi sana.

Alikuwa mshauri wa Daudi. 2 Samweli 16:23 inasema shauri lake siku zile lilikuwa kama mtu ameuliza neno kwa Mungu mwenyewe, hebu fikiria kuwa na sifa ya namna hiyo mjini. Absalomu, mwana wa Daudi, alipomuasi baba yake, Ahithofeli akahamia kwake. Akatoa mpango: nipe watu elfu kumi na mbili, usiku huu huu nimfuate Daudi akiwa amechoka, nitampiga mfalme peke yake, watu wengine nitakurudishia. Ulikuwa mpango mzuri kijeshi, Biblia yenyewe inauita shauri jema (17:14). Lakini Absalomu akamuita na Hushai, Hushai akasema tukusanye Israeli wote kwanza, na wakamfuata Hushai.

Sasa soma 17:23 taratibu. Ahithofeli alipoona shauri lake halikufuatwa, akatandika punda wake, akaenda nyumbani kwake mjini kwake, akaitengeneza nyumba yake, akajinyonga. Wapo wanaoeleza kwamba alishajua Absalomu atashindwa na Daudi akirudi atamuua, na inawezekana kabisa. Ila mwandishi anataja sababu moja, shauri lake halikufuatwa. Mtu aliyekuwa sahihi miaka yote, siku moja hakusikilizwa, na akawa hana kitu kingine cha kusimamia. Inaniuma kila nikiisoma. (Na kama unayesoma hapa umefika mahali pa kuona bora usiwepo, tafadhali mwambie mtu leo, usikae nalo peke yako.)

Wa pili ni Rehoboamu, mwana wa Sulemani, 1 Wafalme 12. Watu wanakuja kuomba wapunguziwe mzigo, anaomba siku tatu afikirie, wazee waliomshauri baba yake wanamwambia ongea nao vizuri watakutumikia siku zote. Mstari wa 8 unasema akaliacha shauri la wazee halafu ndo akawauliza vijana aliokua nao. Angalia mpangilio hapo: wazee kawakataa kabla hajasikia upande wa pili, alikuwa anatafuta wa kumuunga mkono tu. Matokeo yake makabila kumi yakaondoka na yeye akapanda gari lake kukimbilia Yerusalemu. Na usije ukasema ni utoto, 14:21 inasema alianza kutawala ana miaka 41.

6. Sulemani alikuwa na hekima kuliko wote, iweje akaanguka?

Kwa sababu kuijua hekima na kuitii ni vitu viwili. Kumbukumbu la Torati 17:16-17 ilishasema mfalme asijiongezee farasi kutoka Misri, wala wake wengi moyo wake usije ukageuka. Sulemani akaleta farasi kutoka Misri (1 Wafalme 10:28) na akafikisha wake 700 na masuria 300 (11:3). Huyu ndiye aliyenena mithali 3,000 (4:32). Biblia haituambii alikuwa anawaza nini moyoni, lakini inavyoonekana aliona onyo lile ni la wafalme wengine, yeye na akili zake ataweza. 11:9 inaongeza kwamba BWANA alikuwa amemtokea mara mbili, kwa hiyo hata kutokewa na Mungu hakukupi kinga ya maisha.

7. Kuna aliyekuwa na ujuaji akapona?

Wapo, na wote waliponea kwenye mdomo wa mtu waliyeweza kumpuuza.

Naamani (2 Wafalme 5), jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alikasirika nabii Elisha kutotoka nje kumpokea, ametumiwa tu ujumbe akaoge Yordani mara saba. Maneno yake yanaanza na "nalidhania", alishapanga kichwani muujiza uende vipi, nabii atatoka, atasimama, ataliitia jina, atapunga mkono. Tena akaanza kulinganisha mito, ya Dameski ni bora. Watumishi wake ndo wakamsogelea, "Baba yangu", kama nabii angekuambia jambo kubwa si ungefanya? Akashuka, akajichovya mara saba. Jemadari mzima kaokolewa na watumishi wake, na ukirudi mwanzo wa sura stori yote ilianza na kijakazi mdogo mateka.

Musa je? Kutoka 18. Musa ameshapasua bahari, anaongea na Mungu, halafu mkwe wake Yethro, kuhani wa Midiani, anakaa siku moja tu anaangalia kazi na kumwambia hili ufanyalo si jema, utadhoofika, gawa kazi, weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Musa angeweza kusema wewe unajua nini kuhusu Israeli. Mstari wa 24 unasema akasikiza neno la mkwewe akafanya yote. Apolo nimemuweka swali la 10.

## Elimu na vyeti

8. Kwa hiyo Biblia inapinga elimu?

Haipingi hata kidogo. Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri (Matendo 7:22), Paulo alilelewa miguuni pa Gamalieli (22:3), Danieli na wenzake walisoma elimu na lugha ya Wakaldayo, na Danieli 1:17 inasema Mungu ndiye aliyewapa ujuzi huo.

Ila msikilize Danieli akiwa mbele ya mfalme, sura ya 2:30, anakaribia kueleza ndoto ambayo wenye hekima wote wa Babeli wameshindwa, na hapo ndipo mtu angejipigia debe. Anasema siri hii sikufunuliwa kwa sababu nina hekima kuliko watu wengine. Shule yake ilikuwa nzuri, hakuificha wala hakuikana. Hakuisimamia tu.

Mtoto akifaulu mpongeze, mlipie ada, mpeleke chuo. Kusema "elimu ya dunia haina faida" huku wewe unapanda basi lililotengenezwa na wahandisi sio unyenyekevu.

9. 1 Wakorintho 3:18 inasema mtu "awe mpumbavu". Nijifanye sijui?

Hapana. Kanisa la Korintho lilikuwa limegawanyika, mimi wa Paulo, mimi wa Apolo, mimi wa Kefa, yaani Petro (1:12), kila kundi linajivunia mwalimu wake. Paulo anawaambia kubalini kuonekana wajinga kwa vipimo vya mji wenu, maana ujumbe wa mtu aliyesulubiwa kwa Wayunani ni upuzi (1:23). Kama wewe ni mhasibu usijifanye hujui hesabu. Uongo wa unyenyekevu bado ni uongo.

10. Nimesoma theolojia, anayehubiri hajasoma na anakosea. Au kinyume chake, mimi sijasoma, msomi anakosea. Nifanyeje?

Matendo 18:24-28 ina majibu ya wote wawili. Apolo ni mzaliwa wa Iskanderia, mtu wa elimu, hodari katika maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila walikuwa mafundi wa kushona hema. Walimsikia sinagogi, hawakusimama kumkatisha mbele za watu, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hiyo ndo namna ya kumsahihisha mtu.

Na Apolo akakubali kufundishwa na mafundi, mmojawapo mwanamke, kwa zama zile. Akaenda Akaya akawafaa sana waamini. Wewe uliyesoma, beba pia 1 Wakorintho 8:1, ujuzi huleta majivuno bali upendo hujenga, maana unaweza kumsahihisha mchungaji wako ukawa sahihi kila neno na ukamuacha amebomoka.

## Maisha ya kila siku

11. Nitajuaje kama mimi mwenyewe niko hivyo?

Kujiuliza peke yako hakusaidii sana, maana anayepima na anayepimwa ni yule yule. Mithali inatoa dalili za nje ambazo hata mtu mwingine anaziona.

Unajibu kabla hujasikia (18:13). Mwenzako hajamaliza sentensi, wewe unasema nimeshakuelewa, nimeshakuelewa. Unaamua kesi kwa upande mmoja (18:17). Pesa zako zimekufanya uone maoni yako nayo yana thamani zaidi, hiyo ni 28:11, tajiri ana hekima machoni pake lakini maskini mwenye ufahamu anamchunguza akamuona. Na 26:16 ndo inashangaza wengi, mvivu anajiona ana hekima kuliko watu saba wenye kujibu kwa akili. Yaani yule aliyekaa kijiweni anajua serikali ifanye nini, timu ipangwe vipi, biashara ya fulani imefeli kwa nini, na yeye hana hata genge.

Njia ya haraka zaidi, muulize mtu anayeishi na wewe: mara ya mwisho nilibadilisha mawazo kwa sababu uliniambia ni lini? Akikaa kimya muda mrefu, umeshajibiwa. Na akijibu usianze kujitetea.

12. Watu wakinibishia kwenye magurupu nijibu au ninyamaze?

Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake usije ukafanana naye. Mstari wa 5 unasema mjibu, asije akajiona mwenye hekima. Zimewekwa pamoja makusudi, ina maana itabidi uangalie mazingira. Kama uongo wake utaumiza wengine wanaosoma, mfano anasambaza habari ya dawa ya uongo, jibu mara moja kwa ushahidi na uondoke. Kama anataka ligi tu, muache. Ukiona jibu lako la tano linaanza na "inaonekana hujanielewa", umeshafanana naye.

13. Mdogo anaweza kumshauri mkubwa bila kuonekana mjuaji?

Anaweza. Elihu kwenye Ayubu 32 alisubiri wazee wamalize wote ndipo akaongea, akaanza kwa kusema mimi ni kijana nanyi ni wazee sana. Paulo anamwambia Timotheo asimkemee mzee bali amuonye kama baba (1 Timotheo 5:1). Shikamoo yako itangulie, chagua muda, faragha, na leta kama swali: "Baba, naomba nielewe, tukiuza shamba hili msimu ujao tutalima wapi?" Na wakubwa nao wasome tena ya Naamani, swali la 7.

14. Kupanga mipango ya maisha ni kutegemea akili zangu?

La hasha. Yakobo 4:13-15 hakatazi safari wala biashara, anamkemea anayesema mwaka mzima tutauza na kupata faida kama vile kesho iko mfukoni mwake. Panga, andika bajeti, uliza washauri (Mithali 15:22), sema Mungu akipenda na umaanishe.

## Magumu

15. Kwenda hospitali ni kutegemea akili za wanadamu?

Swali hili limeua watu, kwa hiyo nitajibu bila kuzunguka: hapana, nenda. Mfalme Hezekia aliugua, akaomba, akaahidiwa miaka 15, na Isaya huyo huyo aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Luka ni tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14).

Watu wanaleta mfalme Asa, 2 Mambo ya Nyakati 16:12, kwamba aliumwa miguu akawatafuta waganga. Soma mistari ya juu. Asa alionywa na Hanani mwonaji, akakasirika akamfunga gerezani. Alikuwa haambiliki miaka kabla miguu haijaugua, na lawama ni kwamba hata kwenye ugonjwa hakumtafuta BWANA. Kama unatumia dawa za presha, kisukari au ARV endelea nazo na maombi yaendelee. Anayekuambia uache kama ushahidi wa imani muulize Hezekia alipungukiwa imani ipi.

16. Mtumishi anasema tusihoji, kuhoji ni kutegemea akili zetu. Ni kweli?

Sio kweli, na huo mstari wa Mithali 3:5 ukitumika hivyo unakuwa umegeuzwa. Mstari unasema mtumaini BWANA, haukusema mtumaini mtu fulani aache kuulizwa. Waberoya walisikia mahubiri ya Paulo mwenyewe na bado wakayachunguza maandiko kila siku kuona kama ndivyo, na wanasifiwa (Matendo 17:11). Paulo alimpinga Kefa uso kwa uso (Wagalatia 2:11). "Jaribuni mambo yote" ni amri, 1 Wathesalonike 5:21.

Tumeona inakoishia. Msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao inaelezwa walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, wakiwemo watoto. Mtumishi anayekataza kuulizwa ndiye huyo mwenye hekima machoni pake, maonyo yote ya ukurasa huu yanaanza na yeye. Toka hapo, toka na watoto wako, na kama kuna mtu anazuiliwa kula au kutibiwa toa taarifa polisi.

17. Vipi kama niko sahihi kweli na wote wamekosea?

Inatokea. 1 Wafalme 22, manabii kama 400 wanamwambia mfalme Ahabu apande vitani Ramoth-Gileadi atashinda, nabii Mikaya peke yake anasema hapana. Mjumbe aliyemfuata alishamwambia njiani akubaliane na wenzake. Kapigwa kofi shavuni, kafungwa gerezani, na alikuwa sahihi, Ahabu hakurudi.

Tofauti yake na mjuaji utaiona mstari wa 28. Alimwambia Ahabu mbele ya watu wote: ukirudi kwa amani, basi BWANA hakusema kwangu. Yaani aliweka wazi kitu gani kikitokea yeye atakuwa amekosea, na akaita watu wasikie. Mjuaji hawezi kukupa hilo.

Kwa hiyo fanya hivyo hivyo. Sema mara moja, vizuri, na sababu zako, na useme ni nini kitakachoonyesha umekosea. Kama ni kazini iandike uiweke na tarehe, kisha wakiamua vingine fanya kazi waliyoamua kwa moyo wote, usikae pembeni kuiombea ifeli ili uonekane. Kama walichoamua ni dhambi au kinahatarisha maisha ya mtu, hapo usishiriki kabisa, na rudi kwenye swali la 16.